Pesa zimekuja wakati ninaomba: ni ahadi inatimia au ni jaribu?

SWALI

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Nina miaka 29, ninaishi Kayole, Nairobi, na ninafanya kazi ya stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda. Kwenye kesha la kufunga mwaka mtumishi alinitolea neno kwamba kabla ya mwezi wa sita Mungu atanifungulia mlango wa fedha. Nimefunga, nimeomba, nimepanda mbegu ya sadaka. Sasa ni mwezi wa tano. Msambazaji mmoja wa saruji ameniambia nikisaini dilivari, ile karatasi ya kupokea mzigo, ya mifuko 400 wakati imeshuka 320, atanipa 15,000 kwa kila lori. Msimamizi wangu anajua, na mwezi uliopita nilipomwomba mshahara wa mapema alininyima, lakini kwa hili ameniambia nisiwe kizuizi. Deni langu la kodi ni 14,000. Nani alijua hesabu hiyo isipokuwa Mungu? Dada tunayeomba naye kwenye ushirika anasema nisikatae, kwa sababu imeandikwa kwamba mali ya mkosaji imewekewa mwenye haki. Lakini silali. Mwezi wa pili dereva wao alinipa 3,000 za 'nauli' nikasaini bila kuhesabu. Je, hii ni ahadi inatimia au ni jaribu? Na nikikataa nifutwe kazi, ahadi ya Mungu itakuwa imekwenda wapi?"

JIBU

Bwana asifiwe, binti yangu. Swali lako la kwanza halihitaji kurasa nyingi: usisaini. Mifuko 80 ambayo haikushuka italipiwa na mwajiri wako, na kalamu ya kumdanganya ni yako. Torati imeligusa jambo hili waziwazi. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inamkataza mtu kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Enzi zile jiwe ndilo lililoamua nani amepata kilo zake sokoni. Katika stoo yako kazi hiyo inafanywa na tarakimu iliyo kwenye dilivari. Hapo hapana fumbo la kufumbua.

Ila najua silo linalokunyima usingizi. Kinachokusumbua ni kwamba pesa hizi zimevaa sura ya ahadi. Zimekuja ndani ya muda uliotajwa, kwa kiasi unachohitaji, na mstari wa Biblia wa kuzisindikiza. Wengi tumefundishwa kwamba jaribu huja kumvuta mtu aiache ahadi ya Mungu. Mimi nikiyasoma Maandiko naona kwamba mara nyingi huja limeishika ahadi yenyewe mkononi. Unapewa kile kile ulichoahidiwa, ila upesi, na kwa njia ambayo Mungu hakuitaja.

Nyoka alimwahidi Hawa kwamba watakuwa kama Mungu, na sura mbili tu nyuma tumeambiwa kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Abramu alikuwa na ahadi ya uzao. Baada ya miaka 10 katika nchi ya Kanaani bila mtoto, mkewe Sarai akampa Hajiri, na Ishmaeli akazaliwa Abramu akiwa na miaka 86. Isaka, mwana wa ahadi, alikuja Abramu, aliyekuwa sasa anaitwa Ibrahimu, akiwa na miaka 100. Hakuna aliyeikana ahadi katika nyumba ile. Walichoka kuingoja, wakaisaidia. Na aliyeumia kuliko wote ni Hajiri, mjakazi ambaye hakuulizwa neno, akaishia jangwani na mtoto wake na kiriba cha maji kilichokwisha. Ukiisaidia ahadi kwa njia ya mkato, gharama humwangukia pia mtu ambaye hakuwemo kwenye maombi yako.

Lakini habari ninayotaka uisome wewe, tena polepole, ni 1 Samweli 24. Daudi amekwisha kupakwa mafuta na Samweli. Ufalme ni wake kwa neno la Mungu, si kwa ndoto yake. Hata hivyo analala mapangoni, na mfalme Sauli anamwinda na watu 3,000 wateule katika jangwa la Engedi. Siku moja Sauli anaingia peke yake katika pango kujisaidia, na humo ndani kabisa Daudi na watu wake wamejificha. Angalia wanavyomwambia: hii ndiyo siku aliyokuambia Bwana, kwamba atamtia adui yako mikononi mwako. Wanamwekea neno la Mungu masikioni. Ukirudi nyuma kutafuta mahali Bwana aliposema maneno hayo kwa Daudi, huyaoni katika sura zilizotangulia. Huenda walilitunga papo hapo, huenda walilinyoosha neno jingine likafika pale walipotaka. Na wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka. Mtu aliyechoka husikia Mungu akisema lile analolitamani, na marafiki zake husikia pamoja naye.

Daudi akakata pindo la vazi la Sauli, na hata hilo likamchoma moyo. Hakunyoosha mkono zaidi ya hapo.

Endelea hadi sura ya 26, maana nafasi ilijirudia. Safari hii Sauli amelala kambini, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake, na Abishai, mmoja wa watu wa Daudi, anaomba ruhusa ya kumpiga mara moja tu. Jibu la Daudi, mstari wa 10, limenisaidia katika kufundisha somo hili kuliko vitabu vingi. Anasema Bwana mwenyewe atampiga. Au siku yake ya kufa itamfikia. Au atashuka vitani na kupotea. Ametaja njia tatu ambazo Mungu anaweza kuzitumia kutimiza ahadi yake, na mkuki wa Abishai haumo katika hata moja. Hajui ni ipi itakayotokea wala hamdai Mungu amwonyeshe. Anajua tu ambayo siyo. Hatimaye ilikuwa ile ya tatu: Sauli alikufa vitani katika mlima Gilboa, na Daudi akatawazwa Hebroni akiwa na miaka 30.

Nisikufiche na linalofuata. Sura ya 27 inafunguka Daudi akiwaza moyoni kwamba siku moja Sauli atamwangamiza, naye anakimbilia kwa Wafilisti na kukaa huko mwaka mmoja na miezi minne. Yule yule aliyesema kwa ujasiri kando ya mkuki! Kwa hiyo usidhani una imani haba kwa sababu huku unajua la kufanya, huku unatetemeka kwa kodi. Mwenye kumtumaini Mungu siku ya Jumatatu anaweza kuwa na hofu Jumanne.

Tuje kwa Bwana Yesu, kwa kuwa umetaja hesabu ya 14,000. Alipobatizwa Yordani sauti ilisema, "Huyu ni Mwanangu." Neno la kwanza la Ibilisi jangwani likawa, "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Ahadi imetoka kutamkwa, na jaribu linaianzia pale pale ilipoishia. Amefunga siku 40, ana njaa, anaonyeshwa mawe na kuambiwa ayafanye mikate. Jaribu lilijua kipimo cha njaa yake. Unaniuliza nani mwingine alijua deni lako? Umeandika mwenyewe, binti yangu: ulimwomba msimamizi wako mshahara wa mapema mwezi uliopita. Sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyempa msambazaji habari zako, lakini kabla ya kusema ni Mungu pekee aliyejua, wahesabu kwanza wanadamu waliojua. Kulingana kwa kiasi hakuthibitishi pesa zimetoka wapi.

Mkate haukuwa dhambi. Baadaye Yesu aliwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano, na Mathayo anasema Ibilisi alipoondoka malaika walikuja wakamtumikia. Falme pia hazikuwa dhambi: Zaburi ya 2 ilikwisha kusema mataifa ni urithi wa Mwana. Ibilisi alimpandisha mlimani akamwonyesha falme zote, akitaka asujudu mara moja tu. Injili ya Mathayo inaisha Yesu akiwa juu ya mlima mwingine, kule Galilaya, akisema amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Alipata yote, ila katikati ya mlima ule na huu palikuwa na msalaba. Jaribu lilikuwa ni kuuruka.

Kuhusu mstari ambao dada wa ushirika amekupa. Ni Mithali 13:22, na upo kweli. Ibilisi naye alinukuu Zaburi 91 bila kubuni neno: malaika wataagizwa wakulinde. Alichofanya ni kuacha sehemu inayosema "katika njia zako zote", akachukua ahadi ya ulinzi kwa mtu anayetembea njia yake na kuifanya ruhusa ya kujirusha kutoka juu ya hekalu. Yesu hakubishana naye kuhusu zaburi. Alijibu kwa Maandiko mengine, kutoka Kumbukumbu la Torati, kwamba usimjaribu Bwana Mungu wako. Fanya vivyo hivyo. Katika sura hiyo hiyo ya 13 ya Mithali, mstari wa 11, kuna onyo kuhusu mali ya njia za mkato: hupungua, na anayekusanya kidogo kidogo ndiye anayeongezewa. Tena, mkosaji katika habari hii ni nani? Mifuko 80 inatoka kwa mwajiri wako. Mstari unazungumzia mali ya mkosaji kumfikia mwenye haki. Haumruhusu mwenye haki kuwa mkosaji ili aipate.

Sasa lile neno la kesha. Hapa nitasema kwa uwazi, na kama mtumishi aliyekutolea neno atalisoma, na alisome. Jiji letu lina desturi ya kupeana ahadi zenye tarehe kila usiku wa Desemba 31. Mwaka wa kuvuka, mwaka wa milango, kabla ya mwezi fulani. Siwezi kukuambia Mungu hasemi na watu wake. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba jambo hili liliwahi kutokea Yerusalemu. Katika Yeremia 28, nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi kutoka Babeli. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia naye alisema "Amina", Bwana na afanye hivyo! Kisha akatumwa kumwambia Hanania kwamba Bwana hakumtuma, naye anawatumainisha watu uongo. Sura inayofuata ina ule mstari tunaoutundika ukutani, kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani. Ni wachache wanaousoma mstari ulio juu yake: miaka 70. Na waliotumiwa barua hiyo waliambiwa wajenge nyumba Babeli, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji ule. Ahadi ya kweli ndiyo iliyokuwa na muda mrefu zaidi, na ndani yake palikuwa na kazi ya kila siku. Ile ya uongo ilikuwa na tarehe ya karibu.

Tarehe ina madhara mengine. Inakufanya uupokee mlango wowote utakaofunguka kabla haijapita, kwa hofu kwamba ukiukosa huo utakuwa umelikosa neno. Mungu hana mkataba wa mkopo wa simu na wewe, kwamba siku ya mwisho ikifika bila muamala jina linachafuka. Mwezi wa sita ukiingia bila mlango, aliyekosea ni aliyetaja mwezi.

Basi tushike lipi? Waebrania 13:5 ndipo ningekupeleka kwanza, kwa sababu hapo ahadi na jaribu la fedha vimewekwa katika sentensi moja: "Msiwe na tabia ya kupenda fedha; mwe radhi na vitu mlivyo navyo; kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Mwandishi hatoi kiasi wala mwezi. Anatoa uwepo wa Mungu, na anauona kuwa sababu tosha ya mtu kuiachia pesa isiyo yake. Ya pili ni 1 Wakorintho 10:13: Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, na pamoja na lile jaribu atafanya "mlango wa kutokea". Ulikuwa unatafuta mlango wa kuingilia kwenye fedha. Huu nao ni mlango ulioahidiwa, na hauna shaka ya nani alitoa neno lake.

Mlango huo kwa kawaida ni jambo dogo la mikono. Yusufu alimkatalia kwa maneno mke wa Potifa, bwana wake, aliyetaka alale naye. Lakini siku alipomshika vazi, hakumhubiria tena; alikimbia akaliacha. Kwako wewe uwe hivi: lori likifika, hesabu mifuko mwenyewe ukiwa na mtu mwingine wa stoo, andika 320 kwa tarakimu na kwa maneno, kisha dereva naye asaini hapo hapo. Piga picha ya karatasi hiyo. Usikutane na msambazaji huyo kando, si kwa chai wala kwa simu za usiku. Akikutumia pesa kwa M-Pesa bila kukuuliza, mrudishie siku hiyo hiyo na uhifadhi ujumbe wote. Na ujiandae, atarudi. Luka anasema Ibilisi alimwacha Yesu "kwa muda". Elfu kumi na tano inaweza kuwa ishirini mwezi ujao, pamoja na pole kwa yaliyotokea.

Jua pia sheria inasemaje, maana watu hudhani hongo ni ya maofisa wa serikali tu. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inazihusu kampuni za binafsi pia. Kutoa au kupokea kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mwenye nafasi ya mamlaka katika kampuni anatakiwa kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 baada ya kujua au kushuku. Tume hupokea taarifa hata kwa asiyejitaja jina. Msimamizi wako anapokuambia usiwe kizuizi, jiulize saini ya nani itakayosomwa siku wakaguzi watakapokuja. Yake haipo kwenye karatasi hiyo.

Ukifutwa kazi je? Sitakuahidi kwamba hutafutwa, kwa sababu sijapata mahali Mungu alipoahidi hivyo. Yusufu alikataa dhambi na akafungwa. Mnyweshaji wa Farao, aliyemsaidia gerezani, akamsahau, ikapita miaka miwili mizima. Wale vijana watatu mbele ya Nebukadneza walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Ninayapenda maneno hayo kwa sababu hayakufundishwa na mtu anayeuza miujiza. Waebrania 11 inawataja watu waliokufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi, wakiziona kwa mbali. Ahadi ya Mungu haikuwa imekwenda popote. Wao ndio walioondoka kabla.

Lakini kodi ni kodi, na keateka, msimamizi wa nyumba, haji mlangoni kujadili Waebrania. Nenda kwa wazee wa kanisa lako na useme kwa sauti: nina deni la 14,000 na nimekataa pesa haramu za kulilipa. Yakobo aliwakemea waumini wanaomwambia mwenzao aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa kitu. Kanisa lililopata nafasi ya kukutolea neno na kupokea mbegu yako lina nafasi ya kusaidia deni hilo la kodi. Wakikataa, utakuwa umejifunza jambo kuhusu kanisa hilo. Zungumza pia na mwenye nyumba akuruhusu ulipe kwa awamu. Wengi wa Kayole wamewahi kuombwa hivyo, na mpangaji anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayejificha. Kama una chama cha kuweka akiba au SACCO, huu ndio wakati wake.

Imebaki ile 3,000 ya mwezi wa pili. Umeiweka mwishoni mwa barua, mahali ambapo watu huweka kinachowauma. Walawi 6 inasema aliyepata kitu kwa udanganyifu akirudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na akitoe kwa yule aliyedhulumiwa. Kwa hesabu hiyo ni 3,600, na aliyedhulumiwa ni mwajiri wako, kwa sababu hukuhesabu mzigo aliokulipa uhesabu. Usimpe msambazaji, na usiitie kwenye sahani ya sadaka. Tafuta kwanza mwanasheria au mtu mwaminifu anayejua mambo ya kazi, akusaidie namna ya kumwambia mkuu aliye juu ya msimamizi wako, kwa maandishi, kabla lori jingine halijaingia. Huenda ukapewa onyo, huenda yakawa makubwa zaidi. Nenda na mtu wa kusimama nawe. Yule dada wa ushirika anafaa; mwonyeshe kwanza mstari wa 11 wa Mithali 13.